Programu ya mizani: jinsi ya kuijenga mwenyewe kwa msimbo kidogo, na mahali itakapokukwamisha

Mtu anayefaa kujenga programu ya kupokelea mazao ni yule anayeshinda mezani pale kwenye mizani. Yeye ndiye anayejua kwamba kreti tupu nayo ina uzito wake, kwamba mkulima anaweza kumtuma mtoto wa jirani alete mzigo, kwamba gari la mnunuzi likichelewa zabibu zinapungua uzito huku mnaziangalia. Kumweleza mtaalamu wa kompyuta mambo hayo yote kunachukua muda mrefu, na bado moja atalisahau. Majukwaa ya msimbo kidogo yamempa mtu wa mezani uwezo wa kujijengea, na kwa hilo nayaunga mkono kwa moyo wote.

Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, nje kidogo ya jiji la Dodoma. Nilisomea hesabu, kompyuta nimejifunzia kazini. Programu inayopokea zabibu zetu, inayomwandikia mkulima stakabadhi na kuniandalia orodha ya malipo nimeijenga mwenyewe kwa AppSheet, na makarani wanaitumia kwenye simu zao za kila siku. Nitaeleza njia niliyopita ili nawe uipite, iwe chama chako ni cha zabibu Hombolo, alizeti Singida au mpunga Bahi. Na pale jukwaa linapokwama nitakaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu wanaoyauza majukwaa haya hawapagusi.

Kwa asiyeyajua: jukwaa la msimbo kidogo (kwa Kiingereza low-code) ni chombo cha kujengea programu kwa kuchagua, kuburuta na kuandika fomula fupi zinazofanana na za Excel. Msimbo wenyewe, yaani maagizo ya lugha ya kompyuta, unazalishwa nyuma ya pazia, huuoni. Jina hilo lilianza kuenea mwaka 2014 kupitia kampuni ya utafiti ya Forrester, lakini kazi yenyewe ni ya zamani zaidi: OutSystems ilianzishwa Ureno mwaka 2001, Mendix ikaanzishwa Uholanzi mwaka 2005. Leo kuna Power Apps ya Microsoft, kuna Oracle APEX, kuna AppSheet ambayo Google iliinunua Januari 2020, na nyingine nyingi. Mifano yangu ni ya AppSheet kwa kuwa ndiyo ninayoishi nayo. Ukiwa na jukwaa jingine, majina ya vitufe yatabadilika, mambo ya msingi yatabaki yaleyale.

Anza na daftari

Kabla hujafungua kompyuta, chukua daftari la mapokezi la msimu uliopita ulisome kama mkaguzi. Kila kolamu iliyochorwa kwa rula ina sababu yake. Lakini soma zaidi maneno yaliyobanwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "kreti 3 za chama zimebaki kwake", "amepokelewa mke wake", "akatwe deni la salfa". Hayo ya pembeni ndiyo programu yako. Ya katikati hata Excel inayamudu.

Kisha kaa mezani siku ya mapokezi uandike maswali watu wanayouliza, kwa maneno yao. Mzee mpaka leo ana kilo ngapi? Kreti zetu ziko kwa nani? Nani bado anadaiwa dawa ya ukungu? Mzigo wa jana uliokataliwa na mnunuzi kwa sukari ndogo ulikuwa wa nani? Programu nzuri ni ile inayoyajibu hayo kwa kugusa mara moja au mbili. Swali ambalo hakuna mtu amewahi kuliuliza, usilijengee skrini, hata kama jukwaa linakuonyesha grafu nzuri za rangi rangi.

Angalia pia kama mfumo haupo tayari. Vyama vya ushirika vina MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kama kuna taarifa unazotakiwa kuziingiza huko, panga kolamu zako zifanane na za huko, usije ukaandika jambo moja mara mbili kwa namna mbili. Na kama unachotaka ni dodoso tu, tuseme kuhesabu mashamba au miche, KoboToolbox inatosha kabisa. Ishike hiyo, uachane na mengine.

Majedwali kwanza, skrini baadaye

AppSheet inasoma data kutoka kwenye jedwali, kwa mfano la Google Sheets, na ukiipa jedwali inakutengenezea programu hapo hapo. Hapo ndipo raha inapoanzia, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, maana programu iliyotoka kwenye jedwali bovu inafanana kabisa na iliyotoka kwenye jedwali zuri mpaka msimu ufike katikati.

Tengeneza majedwali manne: Wakulima, Mapokezi, Bei, Makato. Kitu kimoja kiishi mahali pamoja. Jina la mkulima na namba yake ya simu vikae kwenye Wakulima peke yake. Mapokezi yabebe utambulisho wake tu, na jukwaa litaunganisha. Ukimwandika jina kila anapoleta mzigo, kufikia mwisho wa msimu utakuwa na Yohana, Yohanna na Johana, watu watatu wanaodai malipo ya mtu mmoja.

Utambulisho usiwe jina. Kwetu huku kina Yohana na kina Neema ni wengi, na majina ya ukoo yanajirudia kijiji kizima. Usiwe namba ya simu pia. Laini zinapotea, na nyumba moja inaweza kutumia simu moja. Usiwe namba ya mstari kwenye jedwali, kwa sababu mtu akifuta mstari wa kumi, wa kumi na moja anageuka kuwa wa kumi na mizigo yake inahamia kwa jirani. Kwa wakulima tumia namba ya uanachama. Kwa mapokezi acha jukwaa litengeneze utambulisho lenyewe kwa fomula ya UNIQUEID(), maana makarani wawili walio sehemu mbili bila mtandao wanaweza kuandika kwa wakati mmoja na hakuna atakayemkanyaga mwenzake.

Uzito halisi usiandikwe kwa mkono. Karani aingize alichosoma kwenye mizani na idadi ya kreti, fomula imalizie:

[Kilo_Jumla] - ([Kreti] * [Kilo_Kreti])

Uzito wa kreti tupu uweke kama kolamu, usiuchimbie ndani ya fomula. Chama kikinunua kreti za aina nyingine, utabadilisha namba mahali pamoja na mizigo ya zamani haitaguswa.

Sasa bei. Kama hutakumbuka kingine chochote katika maelezo haya, kumbuka hiki. AppSheet ina njia zaidi ya moja ya kujaza kolamu kwa fomula, na kwa mbali zinafanana. Kolamu ya kufikirika, ile isiyoandikwa kwenye jedwali, inakokotolewa upya kila programu inaposawazishwa, yaani simu inapopeana data na jedwali. Kilichoandikwa kwenye "App formula" kinakokotolewa upya kila mstari unapoguswa. Kilichoandikwa kwenye "Initial value" kinaandikwa mara moja tu, mstari unapozaliwa. Tuseme bei ilikuwa shilingi 1,000 kwa kilo, na Mama Neema alileta kilo 84. Anadai shilingi 84,000 na ana stakabadhi. Katikati ya msimu bei inapanda hadi 1,200, unaibadilisha kwenye jedwali la Bei. Kama bei ya mapokezi inatoka kwenye kolamu ya kufikirika, mzigo wa Mama Neema umeshakuwa shilingi 100,800 bila mtu kugusa kitu, na wa kila aliyemtangulia pia. Bei ikishuka, umewapunja wote. Kwa hiyo bei inayotolewa kwenye jedwali la Bei iandikwe kwenye "Initial value", kolamu ifungwe isihaririwe, basi. Mzigo unabaki na bei ya siku yake.

Jingine linalotuhusu sisi wa zabibu kuliko watu wengi ni tarehe. Jedwali likiwa limewekwa kwa mtindo wa Marekani, 3/8 inasomeka Machi 8. Kwa mtindo wetu ni Agosti 3. Katika zao jingine kosa hilo lingeonekana haraka, maana nani anavuna mahindi wakati yanapandwa? Lakini zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Tarehe iliyopinduka inaangukia kwenye msimu mwingine halali na hakuna anayeshtuka. Weka mtindo wa nchi kwenye Google Sheets, kisha hakikisha kila jedwali ndani ya AppSheet nalo limewekwa hivyo hivyo, kwa sababu hizo ni sehemu mbili tofauti. Jaribu kwa tarehe ya 25 ya mwezi wowote: mfumo uliokaa vibaya utaikataa.

Skrini ya karani

Karani wa mizani ana mkono mmoja kwenye simu, mwingine kwenye kreti, na jua la saa sita linampiga kwenye kioo. Mpe skrini yenye maswali machache yanayofuatana kama kazi inavyofuatana: nani, kreti ngapi, mizani inasomaje, picha ya mizani. Mkulima atafutwe kwa kuandika herufi mbili tatu za jina au namba ya uanachama, na orodha ionyeshe kijiji na picha yake ili asichanganywe na wajina wake. Picha ya uso wa mizani inamaliza ubishi mwingi kuliko maneno. Ipunguze ukubwa kwenye mipangilio, la sivyo bando la karani litaisha kabla ya saa nne.

Programu ikishafunguliwa na kupakia data, karani anaweza kuendelea kuandika bila mtandao. Mapokezi yanajipanga kwenye simu yakisubiri, na akifika penye mtandao yanapanda. Kwa vijiji vyetu hiyo ni faida kubwa kuliko zote. Lakini iwashe kwenye mipangilio na uijaribu kwa kuzima data kabisa, si kwa kusogea nyuma ya nyumba.

Mzee mmoja wetu aliangalia simu ya karani, akanigeukia:

"Mwanangu, hiyo simu ikidumbukia kisimani, kilo zangu zipo wapi?"

"Zipo kwenye hiyo karatasi yako, babu. Usiitupe."

Alikuwa ameuliza swali sahihi kuliko yote. Mapokezi ambayo hayajapanda yapo kwenye simu ile tu, na simu ikipotea yamepotea. Kwa hiyo kitabu cha stakabadhi cha nakala mbili kinaendelea kuandikwa mezani, na karani hafungi siku mpaka aone kwamba hakuna kinachosubiri kupanda. Atakayekuambia programu imeondoa karatasi hajawahi kumlipa mkulima.

Kuhusu kusahihisha, fuata desturi ya uhasibu. Ondoa ruhusa ya kufuta kwa kila mtu, pamoja na wewe. Kosa lirekebishwe kwa mstari mpya wenye kilo hasi na maelezo, kisha mstari sahihi. Mkaguzi akija atafuata nyayo zote bila kukuuliza. Ongeza kolamu mbili zinazojijaza zenyewe: muda wa kuandikwa, na barua pepe ya aliyeandika kwa fomula ya USEREMAIL().

Mkulima mwenye kitochi

Wakulima wetu wengi wana simu za vitufe. Programu hawataiona kamwe, na hata wangekuwa na simu janja usingetaka kuwafungulia akaunti kila mmoja, kwa sababu nitakayoieleza hapo mbele. Unachoweza ni kuweka kitufe kinachofungua ujumbe mfupi kwenye simu ya karani, namba ya mkulima ikiwa imeshaingia na maneno yameshaandikwa: kilo za leo, jumla ya msimu, deni lililobaki. Karani anabonyeza kutuma, ujumbe unatoka kwenye bando lake la kawaida. Kwa wenye WhatsApp, kitufe kingine kinafungua kiungo cha wa.me chenye maneno yaleyale. Ni kazi ya mkono, lakini inatembea.

Ukitaka ujumbe utoke wenyewe kwa jina la chama, hapo unahitaji mkataba na kampuni ya kutuma ujumbe kwa wingi, na kuwaunganisha ni kuandika msimbo. Vivyo hivyo malipo: kusukuma fedha moja kwa moja kwenye simu za wakulima kunahitaji kuunganishwa na mfumo wa benki au kampuni ya simu, na AppSheet haikuletei hilo mezani. Mimi natoa orodha ya malipo kama faili, benki inalipa kutokana na faili. Sijaona sababu ya kwenda mbali zaidi.

Yanayokwamisha

Bei ya jukwaa kwanza, kwa sababu ndiyo inayoua miradi. Kujaribu ni bure mradi watumiaji wasizidi 10. Ukianza kazi rasmi, bei zilizotangazwa na AppSheet ni za kila mtumiaji kwa kila mwezi: dola 5 kwa daraja la chini na dola 10 kwa daraja la Core. Makarani wawili, mhasibu, meneja na mwenyekiti kwa Core ni dola 50 kwa mwezi, dola 600 kwa mwaka, na hujui shilingi itasimama wapi mwakani. Matoleo mengi ya kulipia ya Google Workspace yanakuja na Core ndani yake, kwa hiyo kama chama kinalipia barua pepe zake huko, angalia kwanza kabla ya kulipa mara mbili. Sasa chukua hesabu hiyohiyo uizidishe kwa wanachama mia kadhaa, utaona kwa nini nimesema mkulima asifunguliwe akaunti. Bei ya kila kichwa inafaa ofisi ndogo yenye kazi nyingi. Haifai umati wenye kazi ndogo. Kabla ya kupeleka ombi kwenye bodi, andika hesabu ya miaka mitatu, kwa dola na kwa shilingi, na uweke anayelipa ni nani na kwa kadi ipi.

La pili ni kwamba programu si mali yako kwa maana ambayo trekta la chama ni mali ya chama. Data unaweza kuichukua. Skrini, fomula na mpangilio vinabaki kwenye jukwaa; hakuna kitufe cha kupakua msimbo ukauendeshe kwingine. Jukwaa likifungwa, unabaki na majedwali. Na majukwaa hufungwa, hata ya wakubwa: Google yenyewe ilikuwa na App Maker, ikaizima Januari 19, 2021. Amazon ilikuwa na Honeycode, ikaizima Februari 29, 2024. Waliokuwa wamejenga humo walipewa muda wa kuhama, lakini kuhama ni kujenga upya. Hiyo ndiyo sababu nang'ang'ania majedwali yaliyopangwa vizuri kuliko skrini zenye kupendeza: majedwali yanahama na wewe, skrini hazihami.

Ukitaka kukwepa hatari hiyo, kuna majukwaa ya chanzo huria kama Frappe, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na unaweza kuyaweka kwenye seva yako na hayatozi kwa kichwa. Uzuri wake ni wa kweli. Lakini seva inahitaji mtu wa kuihudumia: nakala za akiba, maboresho ya usalama, umeme, na mtu wa kupokea simu usiku. Chama chenye kijana wa aina hiyo, na hapa tuna Chuo Kikuu cha Dodoma jirani kinachowafundisha, kifikirie. Chama kisicho naye kisijidanganye kwamba bure ni bure.

La tatu, usalama unaodanganya macho. Unaweza kutengeneza kipande cha jedwali kinachoonyesha mapokezi ya kijiji kimoja tu, ukadhani karani wa kijiji kile haoni ya wengine. Kipande kinaficha kwenye skrini. Data yote imeshashuka kwenye simu yake. Kinachozuia kweli ni "Security filter", ambayo inachuja kwenye seva kabla data haijatoka. Iandike kwa kulinganisha USEREMAIL() na barua pepe ya karani wa kijiji husika. Inakupa faida nyingine pia: simu inapakia data kidogo, kwa hiyo programu inakuwa nyepesi. Na kamwe usiruhusu programu ifunguke bila mtu kuingia kwa akaunti yake, hata ukiambiwa ni kwa urahisi wa wazee wa bodi.

La nne ni sheria, na hapa Dodoma huwezi kusingizia umbali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Jina, simu, picha, dole gumba na deni la mkulima ni taarifa binafsi. Anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwa Tume, kumweleza mwenye taarifa zinatumika kwa nini, na kufuata masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Data iliyo kwenye Google imekaa kwenye seva za nje, kwa hiyo masharti hayo yanakuhusu hata kama simu zote ziko Mpunguzi. Sisi tumeweka aya moja ya ridhaa kwenye fomu ya uanachama, inasomwa kwa sauti kabla ya kusaini. Kolamu usiyoihitaji usiiweke; dini na kabila havipimwi kwenye mizani.

Na wewe unayefanya kazi katika ofisi ya umma, pale Mtumba au halmashauri, usinifuate mimi. Mifumo ya taasisi za umma inaongozwa na Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019, na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Programu ya idara iliyojengwa kwenye Gmail ya mtumishi mmoja ni tatizo hata ikiwa inafanya kazi vizuri. Anzia kwa kitengo chenu cha TEHAMA.

La tano linafanana na hilo. Akaunti inayomiliki programu iwe ya chama, siyo ya mtu. Najua chama kimoja ambacho programu yake yote ilikuwa kwenye barua pepe binafsi ya karani. Alipoondoka kwa kutoelewana na uongozi, aliondoka na mlango. Fungua barua pepe ya chama, neno la siri liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kasiki, na simu ya kuthibitishia uingiaji iwe ya ofisi.

Wingi wa data ni tatizo dogo kuliko unavyotishwa. Google Sheets inabeba hadi seli milioni 10. Programu itaanza kuwa nzito muda mrefu kabla ya hapo, hasa ukiwa na kolamu nyingi za kufikirika zinazokokotolewa kila inaposawazishwa. Msimu ukifungwa na hesabu zikakaguliwa, hamishia mapokezi yake kwenye jedwali la kumbukumbu. Tatizo kubwa zaidi ni fomula zisizoeleweka. Mwaka wa kwanza unazijua zote kwa moyo. Ukipewa likizo ya uzazi, atakayeshika nafasi yako anakuta msitu. Kwa kila fomula yenye fedha andika mstari mmoja wa Kiswahili: inafanya nini, kwa nini, nani aliidhinisha. Weka maelezo hayo kwenye jedwali la tano ndani ya faili lilelile.

Wakati wa kumwita mwandishi wa msimbo

Usisubiri kitu kivunjike. Mwite unapoona wanachama wenyewe wanahitaji kuingia kwa mamia, au benki inataka kuunganishwa moja kwa moja, au umeanza kuandika fomula za kuizunguka kasoro ya fomula nyingine. Hilo la mwisho ndilo dalili ninayoiamini kuliko zote. Hapo jukwaa limeshafanya kazi yake: limekuonyesha mnachohitaji, kwa kutumika, msimu baada ya msimu. Mtaalamu ukimkabidhi majedwali safi, lile la maelezo ya fomula, na programu inayotembea ya kutazama, hatahitaji kukisia, na bei yake itaonyesha hivyo. Sijaona waraka wa mahitaji ulio bora kuliko huo.

Kwa sasa jenga, lakini kila Ijumaa pakua majedwali yote kama faili za Excel kwenye flashi ya ofisi. Mara moja kwa msimu mpe mweka hazina flashi hiyo, bila simu, bila AppSheet, umwambie aandae malipo ya mkulima mmoja utakayemtaja, kuanzia kilo mpaka makato, alinganishe na stakabadhi za karatasi. Akikwama, kuna kolamu inayokosekana au maelezo ambayo hujayaandika. Yaongeze kabla ya mapokezi ya Jumatatu.